Mto Zigi Unapobadilika Rangi: Magogo ya Usambara Mashariki na Afya ya Watu wa Bondeni

Mto Zigi, ambao katika ramani nyingi huandikwa Sigi, huanzia katika misitu ya Usambara Mashariki, kwenye vilima vinavyoizunguka Amani wilayani Muheza, karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari. Huteremka kwa kasi katika mabonde membamba, hupokea maji ya Kihuhwi na vijito vingine, hupunguza mwendo ufikapo tambarare, na mwisho huingia Bahari ya Hindi kaskazini ya jiji la Tanga. Kabla haujafika baharini huzuiwa Mabayani, kwenye bwawa lililokamilika mwaka 1978, na kutoka hapo jiji hupata sehemu kubwa ya maji yake ya bomba. Mtoto anayekunywa kikombe cha maji Ngamiani au Chumbageni anakunywa mvua iliyoanguka juu ya msitu ambao huenda asiuone maishani mwake.

Ndiyo maana habari za msumeno mlimani ni habari za zahanati pia. Uharibifu wa misitu husimuliwa zaidi kwa lugha ya viumbe adimu, na Usambara Mashariki inavyo kwa wingi. Hata ua la Saintpaulia, linalopamba madirisha ya nyumba nyingi za Ulaya, asili yake ni milima hiyo na jirani zake. Mhudumu wa afya ana swali jembamba zaidi. Miti ikikatwa katika kidakio cha mto, ni nini hasa hubadilika katika maji, na ni nini hubadilika katika miili ya watu wanaoyatumia? Jibu lake si jepesi kama linavyotolewa katika mikutano ya hadhara, na sehemu yake moja ni kinyume cha matarajio ya wengi.

Msumeno wa karne nzima

Magogo ya Usambara Mashariki yalianza kushuka mlimani zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya mbao ya Kijerumani ilijenga reli nyembamba kutoka Tengeni, kwenye njia kuu ya Tanga, hadi Zigi, ili kuteremsha mbao. Kabla ya hapo msitu wa Derema ulikwisha kufyekwa kupisha kahawa, ambayo haikustawi kama ilivyotumainiwa, na baadaye chai ikachukua nafasi yake. Hata hivyo sehemu kubwa ya msitu wa juu ilibaki imesimama, kwa kuwa miteremko yake ni mikali na wapasuaji wa mbao walitumia nguvu za mikono.

Badiliko kubwa lilikuja mwishoni mwa miaka ya 1970. Kiwanda cha mbao cha Sikh Saw Mills cha Tanga, kilichokuwa wakati huo mali ya umma, kilipata mitambo kwa msaada wa Finland na kuanza uvunaji wa mashine katika misitu ya juu. Mivule, minyasa na Cephalosphaera usambarensis, ambayo ilitafutwa kwa ajili ya plaiwudi, iliangushwa na kukokotwa kwa katapila kupitia njia zilizochimbwa ubavuni mwa milima. Wanasayansi na wakazi walilalamika, wafadhili wenyewe wakatafakari upya, na kufikia 1987 uvunaji huo wa mashine ulikuwa umesimamishwa. Ni haki kuongeza kwamba Finland iliyoleta mashine ndiyo iliyogharimia baadaye mradi wa kuhifadhi misitu ya kidakio hicho, ulioanza 1991, na Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ikatangazwa rasmi mwaka 1997.

Msitu uliovunwa haukurudi kama ulivyokuwa. Katika mapengo yaliyoachwa wazi uliota kwa wingi mti wa Maesopsis eminii, ambao Waganda huuita musizi, ulioletwa Usambara na watunza misitu. Hukua upesi na kwa mbali huonekana kama msitu kamili. Chini yake, ambako tabaka la majani yaoza ni jembamba na udongo hukaa wazi zaidi, hali ni nyingine.

Si gogo, ni njia ya gogo

Mvua inayoanguka juu ya msitu mzima haiipigi ardhi moja kwa moja. Matone huvunjwa na vichwa vya miti, huteleza kwenye matawi na mashina, na hufikia zulia la majani yaliyooza ambalo huyapokea kama sifongo. Kutoka hapo maji hupenya ardhini kwa kufuata matundu ya mizizi na ya wadudu, na hutokeza tena siku au miezi baadaye katika chemchemi, yakiwa yamechujwa. Kwa kawaida maji machache sana hutiririka juu ya uso wa udongo.

Ukikata mti mmoja na kuuacha hapo ulipoanguka, utaratibu huo hauvurugiki sana. Jambo hili lilionyeshwa kwa namna ya pekee katika msitu wa majaribio wa Hubbard Brook, New Hampshire, Marekani. Mwishoni mwa 1965 watafiti walikata miti yote ya bonde dogo lenye karibu hekta 16, wakaiacha chini bila kujenga barabara wala kukokota gogo hata moja, kisha wakazuia uotaji mpya kwa viuamagugu kwa miaka mitatu. Mtiririko wa kijito uliongezeka kwa karibu asilimia 40 katika mwaka wa kwanza, kwa sababu hapakuwa na miti ya kuyavuta maji na kuyarudisha hewani. Tope liliongezeka kidogo tu mwanzoni. Kilichowashtua watafiti ni naitreti: virutubisho ambavyo mizizi ingevinyonya vilisombwa na maji hadi kiwango cha naitreti kikapita kile kinachoruhusiwa katika maji ya kunywa. Kwa watoto wachanga wanaolishwa maziwa yaliyokorogwa kwa maji ya namna hiyo, naitreti huweza kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni ipasavyo, na mtoto hubadilika rangi kuwa ya buluu.

Tope, basi, huletwa zaidi na njia za kulitoa gogo msituni kuliko na gogo lenyewe. Katapila hushindilia udongo ukawa mgumu kama sakafu. Mvua ikinyesha, maji hayapenyi, hukusanyika katika nyayo za magurudumu, hupata kasi na kukata mfereji. Njia ikivuka kijito, mfereji huo humwaga udongo moja kwa moja majini. Barabara za kukokotea magogo zilizochimbwa miaka 40 iliyopita, kama hazikufungwa wala kupandwa kitu, huweza kuendelea kutoa tope muda mrefu baada ya kampuni kuondoka na wazee kusahau ilikuja lini.

Hapa pana neno moja linalohitaji kusahihishwa. Husemwa kila mahali kwamba miti ikikatwa mto hukauka. Katika nyanda za juu za Mbeya, kati ya 1958 na 1968, mabonde mawili madogo yalipimwa kwa uangalifu: moja lilikuwa na msitu wa asili, jingine lililimwa mazao na wakulima wadogo. Bonde lililolimwa ndilo lililotoa maji mengi zaidi, hata wakati wa kiangazi, kwa kuwa msitu nao hunywa maji mengi. Matokeo hayo si ruhusa ya kufyeka. Udongo wa Mbeya ni wa majivu ya volkano, hunyonya maji kwa wepesi hata ukilimwa, jambo ambalo haliwezi kutegemewa kwenye udongo mkongwe wa Usambara uliokwisha kushindiliwa na mitambo. Lakini yanafundisha kwamba anayeitetea misitu kwa hoja ya wingi wa maji peke yake anasimama mahali dhaifu. Hoja yenye nguvu kwa afya ni usafi wa maji hayo na wakati yanapofika: yakija kwa pamoja katika gharika za Aprili yakiwa yamebeba mlima, hayamfai mtu hata yakiwa mengi.

Tope na klorini

Tope lenyewe halimuui mtu. Chembe za udongo wa kawaida zikimezwa hupita tumboni na kutoka. Hatari yake ni kwamba linabeba na kuficha. Bakteria, virusi na mayai ya minyoo hung'ang'ania kwenye chembe za udongo na kwenye mabaki ya majani, na klorini inapotiwa huunguza kwanza mabaki hayo, ikadhoofika kabla ya kuwafikia vijidudu waliojibanza ndani. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani hutaka maji yanayotiwa klorini yawe na kiwango cha tope chini ya 1 kwa kizio kiitwacho NTU, na yasizidi 5 pale ambapo kiwango hicho hakifikiki. Mto wa mlimani baada ya mvua kubwa huweza kuzidi kiwango hicho mara mamia.

Kwa macho, tofauti kati ya NTU 1 na NTU 5 haionekani. Jiji la Milwaukee, Marekani, lilijifunza hilo kwa gharama kubwa mwaka 1993. Mtambo wake wa kusafisha maji ulipokea maji machafu kuliko kawaida kutoka ziwani, uchujaji ukalegalega, na kiwango cha tope katika maji yaliyokwisha kusafishwa kikapanda kidogo tu, kwa kiasi ambacho mtumiaji hangekigundua kwenye bilauri. Watu wanaokadiriwa kufikia 400,000 waliugua kuhara kutokana na kimelea cha Cryptosporidium, ambacho klorini ya kawaida haikiui. Walioteseka zaidi, na baadhi yao kufariki, walikuwa wale ambao kinga yao ya mwili ilikuwa imeshuka kwa sababu ya virusi vya UKIMWI. Tahadhari hiyo inahusu kila kliniki ya tiba na matunzo katika bonde la Zigi.

Mtambo wa mjini una wataalamu, shabu na machujio. Mto ukichafuka huongeza dawa, na gharama huongezeka. Udongo unaozama Mabayani nao hula nafasi ya maji kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Lakini kati ya Amani na Mabayani wako watu wengi wasio na mtambo wowote. Wao huchota mtoni. Kwao mto ukigeuka rangi ya chai ya maziwa, hakuna fundi anayesimama kati ya mlima na mtungi.

Kuchemsha huua vijidudu hata maji yakiwa na tope, na ni njia ya kuaminika. Ila kuchemsha kunataka kuni, na kuni zinatoka msitu ule ule; mama anayeambiwa na muuguzi achemshe maji ya familia ya watu saba kila siku anapewa ushauri sahihi wenye bei ambayo muuguzi haioni. Njia iliyo nafuu ni kuyatuliza kwanza. Maji yakiachwa usiku kucha katika ndoo iliyofunikwa, sehemu kubwa ya udongo mzito huzama. Yakimiminwa taratibu kupitia kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, hutakata zaidi. Mbegu za mlonge zilizomenywa na kusagwa huvuta chembe ndogo zisizotaka kuzama, ingawa maji yaliyotakaswa hivyo bado hayajaua vijidudu vyote, na hayafai kuwekwa zaidi ya siku moja kwa kuwa mlonge huacha ndani yake chakula cha bakteria. Baada ya kutulizwa na kuchujwa ndipo klorini itiwe. Maelekezo ya vidonge vingi vya kutibu maji humtaka mtumiaji aongeze dozi maradufu kama maji bado yana ukungu, na asubiri dakika 30 kabla ya kunywa.

Mhudumu asiye na kipimo cha maabara anaweza kutumia chupa ya plastiki isiyo na rangi ya lita mbili na ukurasa wa gazeti. Chupa hujazwa maji ya mto, husimamishwa juu ya kichwa cha habari chenye herufi kubwa, kisha hutazamwa kutoka juu kupitia mdomo wake. Herufi zisipoonekana, tope limezidi NTU 50 hivi, na kutia klorini bila kutuliza kwanza ni kujidanganya. Herufi zikionekana, hiyo bado si hati ya usafi. Ni ruhusa tu ya kuendelea na hatua inayofuata.

Homa iliyopanda mlima

Wajerumani walipoanzisha taasisi yao ya biolojia na kilimo Amani mwaka 1902, mojawapo ya sifa za mahali hapo ilikuwa ubaridi wake na uchache wa homa. Miaka michache kabla, Robert Koch, aliyekuwa Afrika Mashariki 1897 na 1898, aliandika kwamba watu wa milima ya Usambara walijua kuwa wakishuka tambarare wataumwa na mdudu na kisha kupata homa, na kwamba homa yenyewe na mdudu wote wawili waliviita kwa jina moja: mbu. Habari hiyo iliandikwa katika miaka ile ile ambayo Ronald Ross alikuwa ndio kwanza anathibitisha India jukumu la mbu katika malaria. Watu wa Usambara hawakuwa na darubini, ila walikuwa na mlima na bonde, na walilinganisha.

Mlima huo haukubaki kimbilio. Mwaka 1987 watafiti Matola, White na Magayuka walichapisha makala iliyoonyesha kwamba malaria ya Amani ilikuwa imebadilika kutoka ugonjwa uliokuwa nadra kwa wakazi na kuwa ugonjwa wa kudumu. Wakauhusisha mgeuko huo na mabadiliko ya mazingira, ukataji wa misitu ukiwa miongoni mwake. Jambo la kuzingatia ni kwamba Amani yenyewe ilikuwa imekwisha kuwa makao ya utafiti wa malaria wa Afrika Mashariki: ugonjwa ulipanda hadi mlangoni mwa waliokuwa wakiuchunguza.

Njia mbili zinauunganisha msumeno na homa. Ya kwanza ni jua. Anopheles gambiae hupenda kutaga katika vidimbwi vidogo vyenye jua visivyo na majani mengi, na chini ya msitu mnene vidimbwi vya namna hiyo ni vichache. Magurudumu ya katapila, mashimo ya udongo wa matofali na mitaro ya barabara huvitengeneza kwa mamia. Ya pili ni joto. Kimelea cha Plasmodium falciparum hakina budi kukomaa ndani ya mbu kabla hajaweza kumwambukiza mtu, na kasi ya kukomaa hufuata nyuzi za joto. Kwa hesabu inayotumiwa na wataalamu wengi, katika nyuzijoto 18 za Selsiasi huhitaji siku 55 hivi. Katika 20, siku 28. Katika 22, chini ya siku 19. Katika 25, siku 12. Mbu wachache sana huishi wiki nne. Kwa hiyo mahali penye nyuzi 18 mbu hufa kabla mzigo wake haujaiva, na nyuzi mbili au tatu za ziada, ambazo mwanadamu huziondoa kwa kuvua sweta, huweza kugeuza kijiji salama kuwa kijiji cha homa. Huko Kakamega, Kenya, watafiti walipima na kukuta kwamba nyumba zilizo katika maeneo yaliyofyekwa zina joto zaidi kuliko zile za kandokando ya msitu, na mbu wa humo humeng'enya damu na kutaga upesi zaidi. Katika Milima ya Usambara kwenyewe, vipimo vilivyochapishwa 2003 vilionyesha kwamba maambukizi ya malaria hupungua kwa zaidi ya mara 1,000 mtu anapopanda kutoka mita 300 hadi mita 1,700.

Pamoja na hayo yote, mhudumu wa afya asitumie msitu kama kisingizio. Tangu katikati ya miaka ya 2000 malaria imepungua sana katika vijiji vingi vya Muheza na Korogwe, bila miti iliyokatwa kurudi. Vyandarua vyenye dawa, kipimo cha haraka na dawa mseto vimefanya kazi kubwa kuliko madhara ya ukataji. Maana yake ni kwamba pale kinga hizo zitakapolegea, mlima uliofyekwa hautakuwa na ubaridi wake wa zamani wa kuusaidia.

Ugonjwa uliopungua

Uaminifu wa kitabibu unadai jambo jingine lisemwe. Usubi, ugonjwa unaowasha ngozi na huweza kupofusha macho, ulikuwa na ngome Usambara Mashariki. Inzi weusi wanaoueneza huko, Simulium woodi, wana tabia ya ajabu: viluwiluwi vyao hukua vikiwa vimejishikiza juu ya migongo ya kaa wa mtoni, katika vijito vyenye kivuli na maji baridi. Kivuli kikiondoka na maji yakapata joto na tope, makao hayo huharibika. Mwaka 1990 Muro na Mziray waliripoti kupungua kwa usubi katika milima hiyo na kuhusianisha upungufu huo na kutoweka kwa misitu. Vijito vile vile vilivyofunguliwa kwa mbu wa malaria vilifungwa kwa inzi wa usubi.

Hakuna daktari atakayependekeza kufyeka msitu kuwa tiba ya usubi, hasa kwa kuwa ivermektini inayogawiwa vijijini hufanya kazi hiyo bila kuua mto. Lakini mfano huu unawatahadharisha wanaosema kwa wepesi kwamba msitu ni afya na ukataji ni ugonjwa. Kidakio kikibadilika, magonjwa hupangwa upya. Mengine huingia na mengine hutoka, na mwenye daftari la wagonjwa ndiye wa kwanza kuona ni yapi.

Dhahabu, iliki na sheria

Uvunaji wa mashine ulipokoma, mikono mingine haikukoma. Upasuaji wa mbao wa kificho uliendelea. Iliki ililimwa chini ya kivuli cha miti mikubwa, kwa kufyeka miche na vichaka, hata msitu ukawa na wazee bila watoto. Kuanzia 2003 uvumi wa dhahabu ulivuta maelfu ya wachimbaji katika eneo la Sakale, wakachimba kwenye kingo na matumbo ya vijito vinavyolisha Zigi. Zebaki ya kukamatia dhahabu ni hatari ya aina nyingine kabisa: haitulii ndooni, haifi kwa kuchemshwa, na ikigeuzwa na bakteria wa matopeni huingia katika samaki na hatimaye katika ubongo wa mtoto aliye tumboni. Anayechoma mchanganyiko wake jikoni huivuta familia nzima katika mvuke huo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoathiri mto ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Katika mabonde membamba ya Usambara mita 60 ni shamba zima la mtu, na kumwondoa bila kumpa pa kwenda ni kuhamisha umaskini, ambao nao ni chanzo cha maradhi. Ushoroba wa msitu wa Derema uliporudishwa, wakulima zaidi ya 1,000 walipoteza mashamba yao ya iliki na kulipwa fidia. Mjadala kuhusu utoshelevu wake ulidumu miaka mingi. Njia ya upole zaidi imejaribiwa na UWAMAKIZI, umoja wa wakulima wanaohifadhi mazingira wa Kihuhwi na Zigi, ambao umeshirikiana na mamlaka ya maji ya Tanga katika kutunza kingo. Mwaka 2024 mamlaka hiyo iliuza hatifungani ya kijani ya takriban shilingi bilioni 53, ya kwanza ya aina yake kwa mamlaka ya maji nchini. Itafaa kufuatilia ni sehemu gani ya fedha za maji hupanda mlimani na ni sehemu gani huishia kwenye mabomba.

Daftari la mto

Zahanati iliyo kando ya mto ina chombo ambacho watafiti wa misitu hawana: vitabu vya MTUHA, vinavyojazwa kila siku, mvua au jua. Kinachokosekana ni safu moja ya mto. Mtu mmoja, mlinzi au mhudumu wa afya ngazi ya jamii, anaweza kuchota maji mahali pale pale kila asubuhi, kuyatazama kwa chupa na gazeti, na kuandika neno moja: safi, ukungu au tope. Shule ya jirani yenye kipimo cha mvua itatoa milimita. Ikiwa vijito viwili vinakutana karibu, kimoja kikitoka msituni na kingine kikitoka kwenye mashamba au njia za magogo, vichotwe vyote viwili kabla havijaungana, kwa maana tofauti kati yao siku moja ya mvua hueleza zaidi kuliko wastani wa mwaka.

Anayesoma daftari hilo ajue kwamba magonjwa hayafiki kwa mwendo mmoja. Kuhara kunakotokana na bakteria hufuata tope kwa siku moja hadi tano. Kwa Cryptosporidium, karibu wiki moja. Malaria huchelewa. Kiluwiluwi huhitaji wiki moja hadi mbili kuwa mbu, kimelea huhitaji wiki mbili au zaidi ndani ya mbu, na mgonjwa huhitaji siku 9 hadi 14 baada ya kuumwa kabla ya homa kupanda. Kwa hiyo ongezeko la malaria la mwezi Juni litafutwe katika vidimbwi vya mwishoni mwa Aprili, wala si katika mvua ya wiki iliyopita.

Mgonjwa naye ana la kuchangia. Mama anayeleta mtoto anayehara aulizwe maji ya nyumbani yanachotwa wapi, yalikuwa na rangi gani juzi, na kama yalitulizwa kabla ya kutiwa dawa. Kijito kikigeuka tope siku isiyo na mvua, hilo si jambo la kawaida: juu yake kuna mtu anayechimba, anayelima ukingoni au anayekokota gogo. Taarifa ya namna hiyo, ikiwa na tarehe, saa na jina la kijito, ipelekwe serikali ya kijiji na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo Zigi uko chini ya dhamana yake, na nakala ibaki zahanati, katika ukurasa ule ule wenye idadi ya watoto waliohara wiki hiyo.